Dawa ya Presha na Fizi Zetu

Tumeomba nafasi kidogo kabla hamjaanza kukusanya pesa za mzunguko.

Mwaka jana tulimtembelea mweka hazina wa kikundi kimoja, mama ambaye alikuwa haji tena mikutanoni. Alizungumza nasi mdomo ukiwa umefunikwa na leso. Fizi zake zilikuwa zimevimba hata zikaanza kufunika meno, na akipiga mswaki damu inatoka. Jirani alikuwa amemwambia, "Hizo ni dawa zako za presha." Basi akaziacha. Wiki tatu baadaye kichwa kikamuuma sana, tukampeleka dispensari, presha ikapatikana iko juu mno. Tunashukuru hakupooza.

Sasa sikilizeni vizuri. Yule jirani hakusema uongo. Kosa lilikuwa ni kuacha dawa.

Ziko dawa za presha, kama nifedipini na amlodipini, ambazo kwa watu wengine hufanya nyama ya fizi ikue kupita kiasi. Si kila mtu. Mara nyingi huanza miezi michache baada ya kuanza dawa, katikati ya meno ya mbele. Uchafu unaoganda kwenye meno huzidisha uvimbe huo, nao uvimbe unaficha uchafu zaidi.

Dawa nyingine, hasa zile za kukojoza, zinaweza kukausha mdomo. Na mate si maji ya bure. Huosha mabaki ya chakula na kupunguza nguvu ya asidi inayokula meno. Mate yakipungua, meno huoza upesi.

Tufanye nini basi?

1. Tusiache dawa wala kupunguza vidonge wenyewe. Presha huharibu moyo, figo na ubongo bila kuuma popote.

2. Tukiona fizi zinavimba au mdomo unakauka, turudi kliniki mapema na vidonge vyetu mkononi. Daktari anaweza kutubadilishia dawa.

3. Tupige mswaki asubuhi na usiku, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Damu ikitoka tusiogope na kuacha. Tusugue polepole mpaka kwenye fizi.

4. Mdomo ukikauka, tunywe maji kidogo kidogo. Soda, peremende na chai ya sukari nyingi huongeza kuoza. Sigara na pombe hukausha zaidi.

5. Tumwone daktari wa meno, na tumwambie tunatumia dawa gani. Wengi wetu tunanyamaza tukidhani presha na meno ni mambo mawili mbalimbali.

Yule mama alibadilishiwa dawa, na meno yakasafishwa. Ilichukua miezi, lakini fizi zilirudi chini. Siku hizi anasoma hesabu za kikundi mbele ya wote, na leso iko mfukoni.

Leo mkifika nyumbani, waulizeni wazee wenu wanaotumia dawa: fizi zao ziko namna gani?