Imani Mlangoni mwa Mgonjwa





Katika furaha ya yubilei yafaa tuwakumbuke wazee wetu wa imani, wana wa Afrika. Karibu na mwaka 252 tauni kubwa iliushika mji wa Kartago, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Askofu wake, Mtakatifu Sipriani, aliandika dalili zake: kuhara kusikokoma, kutapika, macho kujaa damu, vidonda vya koo. Watu walikimbia ndugu zao wenyewe. Maiti zililala njiani. Wapagani walisema kosa ni la wakristu, kwa kuwa hawaiabudu miungu.

Sipriani alifanya nini? Aliwakusanya waamini, akawafundisha kwamba kumtunza mkristu mwenzako tu si jambo kubwa, kwani hata wapagani hutunzana wao kwa wao. Kisha kazi ikagawanywa: tajiri alitoa mali, maskini alitoa nguvu za mikono yake. Nanyi mkumbuke: mwaka 250 kaisari Desio alikuwa amewatesa wakristu. Hata hivyo msaada wao uliwafikia wote, wapagani pia. Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa kwa ajili ya imani tarehe 14 Septemba 258.

Kongo yetu nayo ina mashahidi wa upendo. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Masista sita wa Maskini wa Bergamo hawakuwaacha wagonjwa; wote sita walifariki kati ya Aprili na Mei. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alikubali watangazwe kuwa Waheshimiwa.

Ugonjwa huo ulirudi Kivu ya Kaskazini na Ituri kuanzia mwaka 2018 hadi 2020, ukaua watu 2,287. Wengine walisema ni uchawi, wengine ni siasa. Wauguzi wakapigwa mawe. Ni kosa lile lile la Kartago: kumtafuta mwenye hatia wakati mgonjwa anatafuta maji. Lakini waliopona walifanya vingine: waliwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wangali kitandani.

Ndugu zangu, wakristu wa Kartago hawakujua ugonjwa unavyoambukiza. Sisi tumefundishwa. Kunawa mikono, kuvaa glavu, kupokea chanjo, kuacha kumwosha marehemu kwa mikono mitupu, hayo si upungufu wa imani. Anayejilinda leo ataweza kumtunza mgonjwa kesho. Lakini anayejilinda kwa kumfungia jirani mlango, huyo amejilinda na Kristu pia.

Basi, kabla ugonjwa haujabisha hodi, kila shirika lijipange: nani atapeleka chakula, nani atamwita muganga, nani atachunga watoto, nani atasali na jamaa. Na tusiulize kwanza kama mgonjwa ni wa Kanisa letu.

Mtakatifu Sipriani, utuombee.