Mwaka wa Kwanza Kule Universite: Nani Atajua Kama Uko Mgonjwa?

(Maneno ya muuguzi mmoja mbele ya vijana waliomaliza sekondari, pamoja na wazazi wao)



Juu ya masomo, waprofesa watawaambia. Mimi nitaongea juu ya homa, sababu wengi wenu munatoka huku kwenye baridi, Butembo na Lubero, na mutashuka Kisangani. Butembo iko juu zaidi ya metre 1,700. Kisangani iko karibu metre 400 tu, kandokando ya mto, na joto mwaka muzima. Huku kwetu mdudu wa malaria anakomaa polepole sana ndani ya mbu, na mara nyingi mbu anakufa mbele mdudu hajakomaa. Kule anakomaa upesi.

Mutu aliyekomalia Kisangani ameumwa na mbu tangu utoto, na damu yake imejifunza kupigana. Naye anapata malaria, lakini mara nyingi haimuangushi sana. Ninyi, hata kama muko na ndevu, mbele ya malaria damu yenu ni kama ya mutoto mudogo. Kwa hiyo usimwangalie mwenzako wa kule anayelala bila chandarua ukasema: Yeye anaishi, mimi pia nitaishi.

Kutoka siku mbu anakuuma mpaka homa inaanza, mara nyingi ni siku 7 mpaka 14. Hesabuni wenyewe. Inaangukia kwenye juma la pili au la tatu, wakati hujajua hata njia zote za kwenda kwenye masomo.

Nitawaelezea mambo yangu mwenyewe. Nilifika kule kama ninyi, na sanduku la mbao na kifuko cha maharagi. Tulikuwa wawili ndani ya chumba, lakini mwenzangu alikuwa ameitwa kwao kwa kilio. Juma la tatu nikaanza kusikia baridi, mifupa inauma, chakula sikitaki. Nikasema ni uchovu, sababu tulikuwa tunasoma usiku, miguu wazi chini ya taa. Kiisha nikasema ni mawazo ya nyumbani. Mama alikuwa amenipa klorokini. Nikameza vidonge viwili, homa ikashuka kidogo, nikaacha vingine kwa siku ingine. (Ile klorokini haitumiwe tena kwa malaria yetu, mdudu ameizoea. Mukiikuta ndani ya sanduku la babu, muiache.) Siku ya tatu sikutoka. Kule masomoni tulikuwa mamia ya watu, hakuna aliyeita majina. Nani angejua?

Mutu wa mlango wa pili nilikuwa nimekopa sufuria yake. Akakuja kuidai, na hasira. Akanikuta ninaongea peke yangu, maneno yasiyoeleweka. Akaniweka juu ya kinga ya toleka, yeye anashika mgongo wangu, mwenye kinga anasukuma, mpaka hospitali. Wakanitundikia maji ya kinini. Siku mbili sizikumbuki hata kidogo.

Mimi ninashukuru ile sufuria mpaka leo.

Kule nyumbani, ukiacha bugali yako mama anaona. Dada anauliza mbona hujaoga. Kule universite unaweza kulala siku tatu na watu wakafikiri umesafiri. Vibaya zaidi ni kwa wale wanaolala chini kwa rafiki, bila jina lao kuandikwa kwenye nyumba ya wanafunzi: hao wanaogopa hata kuita. Basi juma la kwanza, mbele ya kununua daftari, tafuta mutu mumoja. Mwambie wazi: Ndugu, nikikosa kutoka asubuhi, gonga kwangu, na mimi nitagonga kwako. Wanaume wanaona haya kusema hivi. Mimi pia ningeona haya.

Ukisikia homa, nenda siku ileile wakutoboe kidole. Kile kipimo kidogo cha damu kinajibu kwa muda wa nusu saa hivi. Parasetamoli inashusha homa lakini haiui mdudu, inakudanganya tu kwamba umepona. Wakikupa vidonge vya artemeta na lumefantrini, ni mara 6 kwa siku 3: mara ya pili inafuata kisha saa nane kupita, na siku zinazobaki ni asubuhi na jioni. Umeze pamoja na chakula chenye mafuta, sababu bila mafuta dawa haiingii vizuri ndani ya damu. Sombe yenye mafuta ya ngazi inatosha kabisa. Tena usimgawie rafiki nusu ya dawa yako. Ninajua ni upendo, lakini wote wawili mutabaki wagonjwa.

Mutu akitapika kila kitu, akichanganyikiwa, akishikwa na kifafa, akipumua kwa shida, macho yakiwa ya manjano au mkojo mweusi kama kahawa, musingojee asubuhi. Mumubebe usiku uleule.

Wazazi, neno moja kwenu. Mukitelefoni, munauliza kama mutoto amelipa minervali. Ni vizuri. Muulizeni tena: Mutu wa mlango wa pili anaitwa nani? Kama hajui, mwambieni akatafute leo.

Wale wanaosafiri juma hili wabaki nyuma kidogo. Niko na chandarua hapa, nitawaonyesha namna ya kuitundika kwa kamba na misumari minne pahali kitanda hakina miti, na namna ya kuikunjia chini ya godoro.