Tajiri wa Pwani na Riziki ya Wanawe Baada Yake: Mirathi, Hiba na Wakfu katika Zama za Wakoloni



Apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au vya Mombasa ya Kale, au vya Lamu, hakosi kukutana na nyumba ya mawe ambayo mlango wake wa nakshi ungali umesimama kwa heshima zake, ilhali boriti za dari zimeoza na mtini umeota ukutani, na akimwuliza jirani nyumba ile ni ya nani, aghalabu hatajiwi jina la mtu, bali huambiwa, "Hiyo ni ya warithi," au, "Hiyo ni ya wakfu." Majibu mawili hayo yafanana masikioni, walakini baina yake pana bahari: nyumba ya warithi ni milki iliyogawanyika, na nyumba ya wakfu ni milki iliyofungwa.

Mada yangu yamhusu mtu aliyekaa na kupima baina ya hayo mawili, naye ni mfanyabiashara wa pwani hii katika zama za Wadachi na Waingereza, aliyekusanya mali kwa karafuu, pembe, nguo au majahazi, kisha mvi zilipomwingia akajiuliza wanawe watakula nini siku atakapofumba macho. Nia yangu ni kuonyesha kwamba tajiri huyo, alipoandika hati zake, hakuitenga jamaa yake na maskini wa mji, bali aliwapanga wote katika safu moja, wa karibu mbele na wa mbali nyuma; na kwamba mahakama ya kikoloni, kwa kuikata safu ile vipande viwili, ilikivunja chombo ambacho haikuijua kazi yake.

1. Hesabu ya Kadhi

Mwislamu hagawi mirathi apendavyo. Akisha kufa, hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, na katika madeni hayo yamo mahari ya mke yasiyolipwa, ambayo wengi huyasahau. Kisha hutimizwa wasia. Ndipo yaliyosalia yakagawanywa kwa mafungu yaliyotajwa katika Suratun-Nisaa. Natutazame mfano mmoja, si wa mtu mahsusi. Tajiri amefariki, wazazi wake wamekwisha mtangulia, ameacha mke mmoja, wavulana wawili na mabinti watatu, na baada ya kulipwa kila linalolipwa zimebaki rupia 56,000. Mke ana thumuni yake, nazo ni rupia 7,000. Zilizobaki 49,000 hufanywa mafungu saba, kila mvulana akapata mawili na kila binti moja; hivyo wavulana hupokea 14,000 kila mmoja, na mabinti 7,000 kila mmoja. Fedha imekwisha gawanyika bila ya ugomvi, na kadhi amefunga daftari lake.

Lakini rupia hugawanyika, nyumba haigawanyiki. Ikiwa katika tereka ile imo nyumba ya ghorofa mbili, mama ana thumuni ya nyumba, kila binti ana thumuni, na kila mvulana ana robo. Miaka michache ikipita, binti mmoja akafariki na kuacha mume na watoto, mume yule ana robo ya thumuni, yaani sehemu 1 katika 32 za nyumba ambayo hakuzaliwa ndani yake. Na akiwa ana deni dukani, mdai wake aweza kuja barazani kuidai sehemu hiyo. Kizazi cha tatu kinapofika, wenye nyumba huwa wengi kuliko vyumba, na hakuna hata mmoja ambaye kipande chake chatosha kumtia hamu ya kununua chokaa. Si kwamba faraidhi ina ila. Faraidhi ni uadilifu wenyewe. Ila uadilifu huo hugawa mali, na tajiri wetu alitaka zaidi ya kugawa: alitaka kuwawekea wanawe mahali pa kukaa.

2. Hiba na Wasia

Mlango wa kwanza uliokuwa wazi kwake ni hiba, kutoa angali hai. Kule Lamu ilikuwa ada ya wenye uwezo kumpa binti nyumba, au ghorofa ya nyumba, anapoolewa. Na baba asiye na kiwanja kipya alijenga juu ya nyumba yake mwenyewe, au akavusha wikio juu ya njia, chumba kikaning'inia baina ya kuta mbili na wapita njia wakapita chini yake. Basi wikio tunalolipiga picha leo kwa uzuri wake, mara nyingi ni hesabu ya mirathi iliyoandikwa kwa mawe na chokaa, maana binti aliyepewa nyumba alikuwa na pake pa kusimama hata mume akimwacha. Sharti la hiba, hata hivyo, ni kukabidhi: aliyepewa hana budi kupokea na kuishika milki mwenye kutoa angali hai na mzima. Ama mtu akitoa akiwa katika maradhi ya mauti, hiba yake huhukumiwa kama wasia.

Wasia nao una mipaka miwili: hauzidi thuluthi ya mali, wala hauendi kwa mrithi isipokuwa kwa ridhaa ya warithi wenziwe. Mtu asiyejua hudhani mipaka hiyo yamfunga mwenye mali. Mwenye busara aliigeuza kuwa nafasi. Katika faraidhi, mjukuu aliyefiwa na baba yake hapati kitu kwa babu madhali ami yake yu hai. Naye kwa kuwa si mrithi, thuluthi yaweza kumfikia. Hapo ndipo tajiri alipomkumbuka yatima wa mwanawe aliyemtangulia, na yaya aliyemlea, na msikiti wa mtaa, na kisima cha njiani, wote katika karatasi moja.

3. Wakfu wa Dhuria

Walakini hiba hutoka mkononi, na wasia huishia kwenye thuluthi. Chombo kilichofaa kwa nia yake yote kilikuwa wakfu, na asili yake ni ile ardhi ya Khaibar ambayo Sayyidna Umar aliagizwa na Mtume aizuie asili yake, isiuzwe, isirithiwe, wala isitolewe zawadi, na matunda yake ndiyo yatolewe. Kwa tajiri wa pwani, asili ilikuwa nyumba, maduka au shamba la minazi, na matunda yalikuwa kodi. Aliandika kwamba mapato ni ya wanawe, kisha wana wao, kizazi baada ya kizazi, na dhuria ikikatika yawe ya maskini, au ya msikiti, au ya wasomao Kurani siku za Ramadhani.

Manufaa yake yalikuwa mengi. Mume wa binti hakupata sehemu 1 katika 32, kwani hapakuwa na cha kurithiwa. Mrithi mbadhirifu hakuweza kuuza. Mdai wa deni jipya hakuwa na njia ya kuinadi. Na tukikumbuka kuwa biashara ya wakati ule ilikwenda kwa mali kauli, na bei ya karafuu hupanda na kushuka kama maji ya bamvua, twaona kwamba nyumba ya wakfu ilikuwa ngalawa iliyovutwa juu ya mchanga, ambayo dhoruba ya sokoni haikuifikia. Fauka ya hayo, mwenye kuweka wakfu aliweza kusawazisha binti na mvulana ikiwa ndiyo nia yake. Na insafu yanilazimu niseme kwamba wako pia waliotumia uhuru huohuo kuwapunja mabinti.

Wala tusijifanye hatujui jasho lililoijenga mali ile. Shamba la karafuu lililimwa na watumwa, na watumwa wenyewe walirithiwa pamoja na minazi, mpaka hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907; masuria wa Unguja hawakufikiwa na amri hiyo hadi 1909. Mtoto wa suria alirithi sawa na mtoto wa mke, na hili laonyesha kwa nini orodha za warithi katika nyumba kubwa zilikuwa ndefu. Na katika nyaraka za wakfu za pwani humo wamo walioachwa huru walioandikiwa makao au mapato, wao na vizazi vyao. Yamkini haikuwa malipo ya kutosha. Lakini yaonyesha kuwa jamaa, katika fikra ya mtu yule, ilikuwa duara pana kuliko damu.

4. Mizani ya London

Serikali ya kikoloni haikuupuuza wakfu, iliutia daftarini. Katika Himaya ya Afrika Mashariki ilitungwa sheria ya Tume ya Wakfu mwaka 1900, na Unguja ikafuata mwaka 1905. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi katika pwani ya Kenya, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi ajitokeze na ushahidi wake, na ardhi ya jamaa ikaanza kuvaa jina la mtu mmoja mmoja.

Pigo kubwa lilitoka mbali. Mwaka 1894 Baraza la Mfalme mjini London, likisikiliza kesi iliyotoka Bengali, lilihukumu kwamba wakfu ambao faida yake ni ya dhuria, na fungu la maskini liko mbali mno au ni dogo mno, si wakfu wa kweli. Sadaka iliyomo ni ya jina tu. Majaji wale walipima kwa mizani waliyoizoea: huku jamaa, huku sadaka, na baina yao ukuta. Ama kwa Mwislamu ukuta huo haupo, kwa kuwa amefundishwa kwamba tonge amlishalo mkewe lina thawabu, na anayemwacha mwanawe akiombaomba mlangoni kwa watu hakumwachia maskini kitu, bali amemwongeza maskini mwingine. Waislamu wa Bara Hindi walilalamika hata ikatungwa sheria ya 1913 kuutengua mwiba ule. Afrika Mashariki haikuwamo katika sheria hiyo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kesi ya wakfu iliyotoka Kenya, Baraza lilishikilia kwamba hukumu ya 1894 ndiyo ifuatwe. Kenya ilibidi itunge sheria yake, ya mwaka 1951, ndipo wakfu wa dhuria ukatambuliwa waziwazi.

5. Waliokwenda Njia Nyingine

Si matajiri wote wa pwani waliofuata kadhi mmoja. Makhoja walipovuka bahari kutoka Kachi walikuja na ada zao. Na mwaka 1847 mahakama ya Bombay ilikuwa imekwisha amua kwamba binti wa Kikhoja hawezi kudai fungu la Kurani, madhali ada ya watu wake yamnyima. Mimi hutaja wawili katika hao kwa ajili ya ibra.

Allidina Visram aliwasili Bagamoyo akiwa kijana mdogo, akatumika kwa Sewa Haji Paroo, kisha akatandaza maduka yake toka Mombasa mpaka Uganda. Alipofariki mwaka 1916, biashara yote ilimwangukia mwanawe Abdulrasul. Na mwana alipofariki mwaka 1923, nyumba ile kubwa ya biashara haikusimama tena. Mali ilikuwa katika bidhaa zilizokopeshwa na katika uaminifu wa jina moja, na jina halirithiki kama ghala lirithikavyo. Kilichodumu ni kile kilichotolewa kwa umma: shule ya Mombasa iliyojengwa kwa kumkumbuka. Naye bwana wake wa zamani, Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, aliziusia mali zake za Bagamoyo na Dar es Salaam kwa serikali ya Wadachi ili mapato yake yahudumie wagonjwa. Na hata leo, katika hospitali ya Muhimbili, mgonjwa hulazwa Sewahaji bila ya kujua kwamba amelazwa ndani ya wasia wa mtu.

6. Hatima

Nikirudi kwenye ile nyumba iliyoota mtini ukutani, nitaulizwa: ikiwa wakfu ni chombo chema hivyo, mbona dari imeanguka? Swali ni la haki. Mafakihi hawakulisahau; kanuni yao ni kwamba mapato ya wakfu huanza kutengeneza wakfu wenyewe, na wanaonufaika hufuata baadaye. Sisi tumeipindua kanuni: kodi hugawanywa kwanza, kila mtu akapokea kijisenti, na paa likaachiwa Mungu. Tajiri alifunga mlango wa kuuza, akadhani amefunga mlango wa hasara. Hakuweza kuwafungia warithi uvivu.

Kwa hiyo naweka mbele ya semina hii mambo matatu ya kujadiliwa. La kwanza, je, hati za zamani za wakfu zisikusanywe na kusomwa upya, ili fungu la matengenezo lirudi mahali pake? La pili, je, wasia wa thuluthi usifundishwe misikitini, hasa kwa ajili ya mjukuu yatima, ambaye hadi leo hutoka nyumbani kwa babu mikono mitupu, na si kwa kukosa sheria bali kwa kukosa karatasi? La tatu, je, anayejenga leo hawezi kuandika safu ileile ya wazee, wa karibu mbele na wa mbali nyuma, akaanza na paa?