Neno Moja Kutoka Japani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Nairobi)



Tumeombwa kusema machache juu ya darasa letu la Jumamosi, ambalo baadhi ya wenzetu wataka lifungwe ili fedha za tawi zisipungue. Tutafika huko. Lakini kwanza twaomba ruhusa tuwachukue safari ya mbali kidogo, mpaka Japani. Mwalimu mmoja wa mji huu alikwenda huko akarudi na neno moja, na neno hilo lahusu sana shauri lililo mbele yetu leo.

Mwalimu huyo ni marehemu Profesa Wangari Maathai. Wengi wenu mwamjua kwa sababu ya miti, na kwa sababu ya Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2004. Lakini kabla ya hayo alikuwa mwalimu. Tangu mwaka 1966 alifanya kazi katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Chiromo, upitapo kwenda Westlands, akifundisha habari za viungo vya wanyama. Huko aliona walimu wanawake hawapewi masharti sawa na wanaume kwa kazi ile ile. Hakunyamaza. Yeye na mwenzake walidai haki yao, hata wakajaribu kuufanya umoja wa walimu uwe chama cha wafanyakazi. Basi, ndugu, tusimwone kuwa mtu wa mbali. Mambo tunayoyadai sisi, naye aliyadai.

Mwezi wa Februari 2005 alialikwa Japani na gazeti moja kubwa la huko liitwalo Mainichi. Ilikuwa wakati wa kuanza kazi kwa Itifaki ya Kyoto, ule mkataba wa mataifa wa kupunguza moshi unaoharibu hali ya hewa, yaani tarehe 16 Februari. Kyoto ni mji wa kale, ambapo wafalme wa Japani walikaa zaidi ya miaka 1,000. Sisi watu wa reli yafaa tujue pia kwamba ile njia ya treni za mwendo mkali kati ya Tokyo na Osaka, iliyofunguliwa mwaka 1964, hupitia hapo.

Katika ziara hiyo, akizungumza na watu wa gazeti, alisikia neno mottainai. Si rahisi kulieleza kwa neno moja la Kiswahili. Mtoto akibakiza wali katika bakuli, nyanya yake humwambia, "Mottainai!" Ni kama kusema, "Ni hasara iliyoje!" Lakini ndani yake mna heshima na shukrani pia. Maana yake ni kwamba kitu hiki kilipatikana kwa jasho la mtu, na kwa neema, nawe wakitupa kana kwamba si kitu.

Sasa tazameni jambo hili. Profesa alikuwa mtu mzima wa miaka 64, ana elimu ya juu kabisa, ana Tuzo ya Nobel. Angeweza kukaa akawafundisha Wajapani tu. Lakini yeye alikaa kama mwanafunzi, akasikiliza. Akaona kwamba mambo aliyokuwa akiyahubiri, yaani kupunguza matumizi, kutumia kitu tena, na kugeuza kikuukuu kuwa kipya, Wajapani walikuwa nayo zamani katika neno moja, tena pamoja na jambo la nne, yaani heshima. Mwezi uliofuata, huko New York, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya hali ya wanawake, aliwaomba wote waliohudhuria walitamke neno hilo pamoja naye.

Akafahamu pia habari za furoshiki, akaisifu mbele ya watu. Furoshiki ni kitambaa cha pembe nne. Wajapani tangu kale hufungia ndani yake nguo, chakula, vitabu au zawadi, kisha hukikunja na kukitumia tena kesho, hata miaka mingi. Mama zetu wana kiondo na kanga, ambavyo hufanya kazi ile ile. Na kimono, vazi lao la heshima, hukatwa kwa vipande vilivyonyooka kutoka jora moja, pasipo kutupa kitambaa. Likichakaa hufumuliwa, likafuliwa, likashonwa upya. Likizeeka kabisa hufanywa foronya au nepi, na mwisho tambara la kufutia. Sisi wa karakana twajua thamani ya tambara!

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya Wajapani, sisi yatuhusu nini?" Twamjibu hivi. Profesa alipokuwa mtoto huko Nyeri, mama yake alimkataza kuokota kuni za mti wa mugumo, akamwambia kuwa huo ni mti wa Mungu. Mwana akatii. Baada ya miaka mingi ndipo alipofahamu kwamba mizizi ya mti ule ilikuwa ikishika udongo na kulinda chemchemi. Basi alipolisikia neno la Wajapani hakuona jambo geni. Alisikia sauti ya mama yake kwa lugha nyingine.

Huenda mwingine akasema, "Wajapani nao wanatupa vitu vingi siku hizi." Ni kweli. Wengi wao walikuwa wameanza kulisahau neno lao, nalo limebaki midomoni mwa wazee. Aliyewakumbusha ni mwalimu kutoka Nairobi, hata neno likasikika tena kila mahali nchini mwao. Mwaka 2009 Serikali ya Japani ikampa nishani kubwa ya Jua Linalochomoza. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Wala hakusema kwa mdomo tu. Alifariki hapa Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameagiza mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Basi lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji, yale yale yanayosumbua wavuvi wa Ziwa Victoria. Watu wakamuaga katika bustani ya Uhuru, bustani aliyoipigania mwaka 1989 isijengwe jumba la ghorofa 60.

Sasa, ndugu zangu, turudi kwenye darasa letu.

Kila Jumamosi wazee wetu waliostaafu hutoka Kangemi, Kawangware na Dagoretti kuja kuwafundisha vijana. Tawi huwapa nauli na chai. Wenzetu wasema fedha hizo zaweza kuokolewa. Hatuwalaumu, maana kuchunga mali ya chama ni wajibu. Lakini twauliza: tukifunga darasa tutakuwa tumeokoa nini, na tutakuwa tumetupa nini?

Kabla hatujaingia reli tulipata kufanya kazi mahali pamoja, jina hatulitaji. Huko parafujo iliyoanguka chini sharti iokotwe. Mafuta yalipimwa kwa kikombe. Ni vizuri. Lakini alikuwako mzee mmoja, fundi wa kukereza chuma, ambaye kwa kusikia mlio wa mashine alijua kama kisu kimekuwa butu. Siku moja akaambiwa kazi yake imekwisha. Hakuna kijana aliyekuwa amewekwa kando yake ajifunze. Mzee akachukua sanduku lake la chakula, akaaga, akaenda zake. Mwezi ule ule chuma kilichoharibika kilijaa pipa. Waliookota parafujo walikuwa wametupa miaka 30 ya maarifa, wala hakuna aliyeiandika katika daftari la hasara.

Hiyo, ndugu, ndiyo mottainai iliyo kubwa kuliko zote. Wali uliotupwa waweza kupikwa mwingine kesho. Maarifa ya mzee yakishuka naye kaburini hayapikwi tena.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, darasa la Jumamosi liendelee, na chai ikipunguzwa, nauli ya wazee isiguswe. Pili, kila mzee aandikiwe kijana mmoja wa kumfuata, jina lake lijulikane. Tatu, viongozi wetu wakikaa mezani na waajiri, na waajiri wakitaja habari za kuokoa mali, nao wajibu, "Twakubali, lakini tuanze na mtu." Asiachishwe fundi kabla hajamwachia mwingine kazi yake mikononi.

Mwalimu wetu alikwenda mbali, akarudi na neno lisilochukua nafasi hata katika mfuko wa koti. Tusilitupe.

Hayo ndiyo maneno yetu.