Kukusanya na Kutumaini: Hotuba ya Kwaya Siku ya Yubile

 

Sisi wanakwaya tunamshukuru Mungu aliyetufikisha yubile hii. Tumepewa nafasi ya kusema machache, nasi tumechagua jambo linalotugusa kila wiki: ni lini Mkristo amwachie Bwana, na ni lini ashike jembe?

Kuna anayesema, "Mungu atatenda," na Jumatano jioni haonekani mazoezini. Kuna naye anayekimbia huku na huku kwa kazi ya kanisa, hana muda wa kuomba, na jambo likienda kombo anavunjika moyo. Wote wawili wanahitaji kusoma Kutoka sura ya 16.

Mana ilitoka kwa Mungu. Hakuna Mwisraeli aliyeipanda. Hata hivyo haikuanguka ndani ya chungu. Kila nyumba ilitoka asubuhi kuokota, kabla jua halijawa kali. Aliyeweka akiba kwa hofu ya kesho aliikuta ina mabuu. Siku ya sita waliokota maradufu, na hiyo haikuoza. Siku ya saba walipumzika, na waliotoka kuokota siku hiyo hawakupata kitu. Sisi tunaoitunza Sabato tunalijua somo hili jikoni mwetu: kuni, maji na chakula hutayarishwa Ijumaa. Pumziko la Sabato ni imani, na maandalio ya Ijumaa ni imani pia.

Yubile yenyewe iliwekwa hivyo. Katika Walawi 25 Mungu aliahidi kwamba mwaka wa sita ungetoa mavuno ya kutosha miaka mitatu, ili watu wasiogope kuacha mashamba yapumzike. Baraka ni yake, lakini kuna waliolima mwaka huo wa sita, wakavuna na kujaza ghala. Tena aliyekuwa ameuza shamba la baba yake kwa shida alirudishiwa. Mungu aliamuru, na jirani ndiye aliyepaswa kuliachilia.

Nasi waimbaji tuna sura yetu, 2 Mambo ya Nyakati 20. Yehoshafati na watu wake waliambiwa kwamba vita si vyao, ni vya Mungu. Hawakulala nyumbani. Waliamka asubuhi na mapema wakaenda jangwa la Tekoa, na waimbaji wakatangulia mbele ya wenye silaha. Na tusidhani waimbaji wa hekalu waliokotwa njiani: 1 Mambo ya Nyakati 25 inahesabu 288 waliofundishwa kumwimbia Bwana. Anayetaka kusimama mbele ya jeshi, na ajue sauti yake kwanza.

Injili hii ilifika kwetu kwa njia hiyohiyo. Waadventista walianza kazi Gendia mwaka 1906, na Nyanchwa mwaka 1912. Mwaka 1914 vita vya Waingereza na Wajerumani vilifika mjini Kisii, na kituo cha Nyanchwa kikaporwa. Kama imani ingekuwa kungoja tu, habari ingeishia hapo. Kama ingekuwa nguvu za watu tu, ingeishia hapo pia. Watu waliomba, wakaanza tena, wakafundisha kusoma, na leo Gusii imejaa makanisa.

Basi, ndugu zetu, tuseme la nyumbani. Sisi huitwa kuimba penye matanga. Tunaimba kwamba Bwana ni msaada wa mjane, kisha tunapanda gari. Jumatatu majani chai ya mjane huyo yamekomaa, hana wa kuchuma, na karo inadaiwa. Yakobo anauliza katika sura ya 2 inafaa nini kumwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe, bila kumpa kitu. Swali hilo linatuhusu sisi tulioshika vitabu vya nyimbo.

Kwa hiyo tunaweka ahadi mbele yenu. Kila tutakapoimba matanga ya mshiriki wetu, tutarudi Jumapili inayofuata na vikapu, tuchume, tubebe majani mpaka kituo cha kununulia. Bonasi ikitoka, kila mwanakwaya atatenga sehemu kwa ajili ya wagonjwa na yatima wa kanisa hili. Na hakuna atakayesimama kuimba Sabato bila kuja mazoezini.

Tukishafanya hayo, tutayaacha mikononi mwa Bwana. Hatuwezi kumponya mgonjwa wala kumfariji mjane usiku wa manane. Mvua si yetu, na moyo unaoguswa na wimbo hatuugusi sisi. Tuokote kilicho cha siku ya sita, tupumzike siku ya saba.

Bwana awabariki nyote. Amina.