Kufunga Kifuniko Si Kuzima Kompyuta

Msikilizaji, ukifunga kifuniko cha kompyuta mpakato, usidhani imezimika. Kwa kawaida hulala tu. Ikilala, bado inakula chaji kidogo kidogo. Chaji ikiisha, kazi ambayo hukuihifadhi inaweza kupotea.

Unaweza kubadilisha mpangilio huo. Kwenye Windows, fungua Control Panel, ingia Power Options, kisha chagua kompyuta ifanye nini kifuniko kikifungwa. Inapotumia betri, chagua Hibernate: itatunza kazi yako kwenye diski, kisha itajizima. Usiiache iendelee kuwaka, maana ukiiweka ndani ya begi itapata joto. Ukimaliza, hifadhi mabadiliko.

Kumbuka, msikilizaji: kufunga kifuniko si kuzima. Hifadhi kazi yako kwanza, ndipo ufunge.