Fedha ya Kupanda Miti na Fedha ya Kuilea

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa Chama, Burat)



Nimepewa kazi ya kusema machache juu ya shauri lililoletwa mbele ya mkutano huu, kwamba sehemu ya fedha ya Chama itolewe kwa ajili ya miti hapa Burat. Najua ya kuwa wako wanachama wasiopendezwa na shauri hili, nao wana haki ya kuuliza. Chama chetu ni cha kusaidiana katika ugonjwa, misiba na karo za watoto; basi miti yatuhusu nini? Nitajibu swali hilo kwanza, kisha nitaeleza fedha yenyewe itumikeje, maana hapo ndipo penye shida kubwa.

Hakuna mtu katika mkutano huu aliyeusahau ukame mkuu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mmoja baada ya mwingine. Mfugaji aliona mali ya miaka mingi ikilala chini na isiinuke. Mkulima wa kando ya mto aliona mfereji wake ukikauka. Kisha, mwishoni mwa 2023, mvua ilikuja kwa ghadhabu ikaleta mafuriko. Mtu aliyepoteza mifugo na shamba hubisha mlango gani? Hubisha mlango wa Chama, akiomba karo au matibabu. Kwa hiyo twalipa gharama ya ukame hata kama neno ukame halimo katika daftari letu. Tofauti ni kwamba twalipa baada ya hasara kutokea.

Sisemi kwamba mti huita mvua kwa amri yetu. Lakini mizizi yake huushika udongo wa ukingo usichukuliwe na maji ya mafuriko, na kivuli chake huifanya ardhi isikauke upesi. Maganda ya mgunga hulisha mbuzi wakati majani yamekwisha. Mwembe na mpapai, penye maji ya mfereji, humpa mama kitu cha kupeleka sokoni Isiolo. Hiyo ndiyo kinga, nayo ni msaada kama msaada mwingine.

Sasa nakuja kwenye hesabu, maana mimi ni karani na kazi yangu ni hesabu. Watu wengi hudhani gharama ya mti ni bei ya mche na chai ya siku ya kupanda. Tuseme twapanda miche 200, na kila mche wapewa lita 10 za maji kwa juma wakati wa kiangazi. Hizo ni lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20, kila juma. Kiangazi cha Juni hata Septemba kina majuma kama 17, na kile cha Januari na Februari majuma kama 8. Jumla ni majuma 25, na mitungi 2,500 kwa mwaka mmoja. Nani ataibeba? Tusipoijibu hesabu hii leo, jibu lake litakuwa migongo ya wanawake na watoto wetu, au miti itakufa. Ongezeni ua wa miiba, kwa sababu mbuzi na ngamia hawasomi kumbukumbu za mkutano. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na mti ni vivyo hivyo.

Mtu aliyeelewa jambo hili mapema alikuwa Profesa Wangari Maathai. Alipoanzisha Chama cha Ukanda wa Kijani mwaka 1977, vikundi vya akina mama vililipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi. Hakulipia mashimo yaliyochimbwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, lakini kwetu sisi funzo kubwa ni ile kanuni ya malipo.

Yapo mafundisho ya upande wa pili pia. Mti wa mathenge uliletwa katika sehemu kame za nchi yetu kwa nia njema, ili kuzuia jangwa. Huko Baringo uliota kupita kiasi, ukaziba malisho, na maganda yake yakaharibu meno ya mbuzi, hata wakazi wakaipeleka Serikali mahakamani mwaka 2006. Mathenge haukuhitaji kulelewa. Ulikosa tu kuulizwa kwa wenye malisho. Kwa hiyo aina ya miti na mahali pa kuipanda yafaa vikubaliwe na wazee, wafugaji na wakulima pamoja. Tusizibe malka, yaani pale mifugo inaposhukia mtoni kunywa. Mti uliopandwa juu ya njia ya ng'ombe wa jirani ni ugomvi uliopandwa.

Fedha itatoka wapi? Ya kwetu ni ndogo, lakini si sisi peke yetu. Isiolo ndiko ulikoanza, kabla ya wilaya nyingine za Kenya, utaratibu wa mfuko wa kukabili mabadiliko ya tabianchi unaoongozwa na kamati za wananchi, kisha ukaenea Makueni, Wajir, Garissa na Kitui. Katika utaratibu huo asilimia 70 ya fedha iliwekwa kwa kazi zilizochaguliwa na kamati za wadi, asilimia 20 kwa kazi za kaunti nzima, na isiyozidi 10 kwa uendeshaji. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 ili Serikali iueneze mpango wa namna hiyo katika kaunti nyingine. Kamati ya wadi hutaka kuona watu waliojipanga, wenye daftari safi na kazi iliyokwisha kuanza. Fedha yetu ndogo itakuwa ndiyo daftari hilo.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano ukubali mambo manne:

1. Fedha ya miti iwe na daftari lake, na mfuko wa misiba na magonjwa usiguswe hata senti moja.

2. Tuanze na miche 200 tu, karibu na maji, katika mahali palipokubaliwa na wazee.

3. Vikundi vya walezi vilipwe kwa sehemu tatu: ya kwanza wakati wa kupanda, ya pili baada ya kiangazi cha kwanza, na ya tatu baada ya miaka miwili, na zile sehemu mbili za mwisho zilipwe kwa hesabu ya miti iliyo hai.

4. Anayehesabu miti asiwe miongoni mwa wanaolipwa, na hesabu yake isomwe mbele ya mkutano kama huu, hata ikiwa ni ya aibu.

Tangu Desemba 2022 Serikali imetangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Hiyo ni idadi kubwa, na sisi hatuwezi kuipunguza sana. Lakini miche 200 ni kazi iliyo katika uwezo wetu, na kila mmoja wetu aweza kupita na kuihesabu kwa kidole. Wanaoipinga waje waihesabu nasi. Nao ndio ningependa wachaguliwe kuwa wahesabu.